Kilo 17 za Kwanza

Makonda wa Dar wana kibwagizo chao kwa abiria anayeshuka gari halijatulia: "Mguu wa kushoto, mama, mguu wa kushoto!" Wana hoja. Mlango wa daladala uko kushoto, na ukitanguliza mguu wa kulia huku gari linasogea, litakuzungusha kama pia. Jioni ile pale Tandika nilitii. Nikatanguliza wa kushoto.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Shaabani, masika yameanza kunong'ona, na mimi nimekumbatia mzigo wa vitambaa kutoka Kariakoo. Suka alikuwa anafukuzana na gari la nyuma. Mguu ukatua kwenye ukingo wa mtaro, nusu ndani nusu nje, ukajikunja upande wa kidole kidogo. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti cha mshikaki kinapovunjwa. Wala sikuanguka. Nilibaki nimesimama na vitambaa vyangu, gari likaenda, nikajiambia nimeteguka tu.

Kuteguka ni neno letu la kujipa moyo. Nilifika nyumbani nikichechemea, mama yangu akaniwekea maji ya moto yenye chumvi, kisha akachukua mafuta ya nazi aliyoyachemshia kitunguu saumu. Mama ni mtu wa Pangani. Kwake hakuna maumivu yasiyochulika. Alibonyeza mara moja tu. Ukelele niliopiga uliwatoa wapangaji wenzetu vyumbani, mmoja akiwa na mwiko mkononi. Mama akafunika chupa ya mafuta bila neno. Asubuhi mguu ulikuwa umeumuka kama andazi, rangi yake kama zambarau iliyoiva sana, na hapo hata yeye akasema twende hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole, anayependa kufundisha. Aliipandisha eksirei kwenye mwanga akaniambia unyayo mmoja una mifupa 26, na mimi katika yote hiyo nimechagua mbaya. Ni ule mfupa mrefu wa ukingoni unaokwenda kwenye kidole kidogo, na umevunjika karibu na mwanzo wake. Ukivunjika kwenye ncha kabisa, alisema, unaunga vizuri na mtu huruhusiwa kukanyaga mapema. Ukivunjika mbele kidogo ya hapo, umbali wa upana wa kidole tu, ni habari nyingine, kwa sababu damu hufika sehemu ile kwa kubahatisha. Mfupa unaokosa damu hauna haraka. Akanichekesha kwa kunisimulia kwamba mvunjiko huo umepewa jina la daktari mmoja wa Uingereza, Robert Jones, aliyeuandika mwaka 1902 baada ya kujivunja mwenyewe hapohapo akicheza dansi. Nikamwambia yeye angalau alikuwa kwenye sherehe.

Nikafungwa POP, yaani plasta ngumu, hadi chini ya goti, nikapewa magongo na amri moja: mguu usiguse chini wiki sita. Hata kidogo. Hata kwa kisigino.

Hapa niseme kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Mimi ni fundi cherehani. Nina kibaraza, cherehani mbili za kukanyaga, na binti ninayemfundisha. Wiki sita kutoka mwisho wa Shaabani zinaimeza Ramadhani yote na Idi yake. Kwa fundi wa Temeke, Ramadhani ndiyo mavuno. Kodi ya nyumba ya miezi sita hutoka kwenye magauni ya Idi.

Lakini kabla ya kazi kulikuwa na choo. Daktari alinieleza habari za damu na mifupa, na hakuna aliyenieleza habari za choo. Nyumba yetu ina vyumba sita na choo kimoja cha uani, cha kuchuchumaa. Jaribu kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mwingine umenyooshwa mbele na uzito wa POP, sakafu ina maji, na cha kushika ni kitasa cha mlango wa bati. Siku ya kwanza nililia mle ndani, si kwa maumivu. Siku ya pili jirani yangu, kijana anayeuza vyombo vya plastiki, alileta kiti cheupe kama vile vya kwenye shughuli, akapasha kisu kwenye jiko la mkaa, akakitoboa katikati. Ua mzima ulinuka plastiki hadi usiku. Kile kiti ndicho kifaa bora kuliko vyote nilivyotumia katika ugonjwa wangu, magongo yakiwamo. Mzee wa chumba cha mwisho, mwenye matatizo ya magoti, akawa anakiazima kimyakimya alfajiri. Nilipopona nilimwachia.

Kuoga nako kulitaka maarifa. POP ikilowa inalainika na kazi yake inakwisha. Unahitaji mfuko wa plastiki wa kuvisha mguu, na mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Mama akainua godoro lake, akatoa rambo jeusi lililokunjwa mara nne, akaniambia nisimuulize limetoka wapi. Nikalifunga juu kwa lastiki ya sketi. Lilidumu mpaka mwisho.

Magongo niliyatumia vibaya wiki nzima. Nilikuwa nayaning'inia kwapani kama nguo kwenye kamba, mpaka vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Hilo lilinitisha kuliko mguu. Niliporudi kukaguliwa, muuguzi aliyashusha magongo tundu moja, mpaka kati ya kwapa na gongo vikapita vidole viwili vitatu, akasema uzito unabebwa na viganja, kwapa ni la kuegemea tu. Ganzi ikaondoka ndani ya siku chache. Halafu kuna mchanga wetu. Gongo lina ncha ndogo, uchochoro wa kwetu ni mchanga mtupu, na mvua ikinyesha ni uji. Fundi viatu wa pale kona alinikatia vipande viwili vya tairi, vipana kama kifuniko cha chupa ya chai, akavifunga chini ya magongo. Nilionekana natembea na kwato, lakini sikuzama tena.

Tulifika kumi la mwisho. Wiki ya nne ilikuwa imepita na mguu hauumi. Narudia: ulikuwa hauumi kabisa. Na jirani yetu mwingine, mama mmoja muuza supu, alinikumbusha kila siku kwamba yeye alivunjika "hapohapo" mwaka jana na wiki ya tatu alikuwa anatembea. Huenda yeye alivunja ile ncha, na mimi nilivunja upana wa kidole mbele yake. Nililijua hilo, daktari alinieleza kwa kalamu na karatasi. Lakini ukiwa na nguo arobaini na tatu hazijakatwa, na wenye nguo wanapita kibarazani baada ya futari kila mmoja akiuliza "Fundi, vipi?", unaamini unachotaka kuamini.

Cherehani niliweza kuikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake. Kazi iliyonishinda ni ya kukata. Huwezi kukata kitambaa cha mita nne ukiwa umekaa, wala ukiwa na magongo. Unahitaji mikono miwili na kuizunguka meza. Usiku wa tarehe 27 nikayaegemeza magongo ukutani, nikasimama kwa miguu miwili. Nikasubiri maumivu. Hayakuja. Nikakata magauni manane, nikazunguka meza, nikainama kuokota mkasi, nikasimama tena. Usiku uliofuata vivyo hivyo. Nilijiona nimewashinda madaktari.

Baada ya Idi nilirudi hospitali nikiwa na biskuti za nazi za daktari. Akatazama eksirei mpya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mama, umeukanyagia?" Nikasema hapana. Hakubishana. Alinyanyua mguu wangu, akanionyesha chini ya POP. Pale palipopaswa kuwa safi palikuwa pamechakaa, na katikati ya uchafu kulikuwa na mistari ya bluu. Chaki yangu ya kukatia. Nilikuwa nimekanyaga chaki iliyodondoka nikatembea nayo chini ya unyayo kama muhuri.

Ufa haukuwa umeunga. Ulikuwa umepanuka kidogo. Alinieleza bila kunigombeza, na ndiyo maana maneno yake yamenikaa: maumivu hupungua kwa sababu uvimbe umeisha na POP imeushika mguu, lakini mfupa haukutumii ujumbe kukuambia ukoje. Anayejua ni picha. Akanipa wiki nne nyingine, POP mpya, na onyo kwamba zisipotosha tutazungumzia kutia skrubu. Nje nikamkuta mama anakula zile biskuti. Sikumwambia habari ya chaki mpaka juzi.

Wiki nne zile sina mengi ya kuzisimulia. Nilikaa. Mama alinipikia supu ya kongoro mpaka nikaichukia, akasema gundi ile inakwenda kwenye mfupa. Nilikunywa kwa heshima, na dagaa nikala kwa hiari. Binti alikata nguo zote, mbili akaziharibu, nikalipa.

POP ilitolewa kwa kimsumeno cha umeme kinachotetemeka, kinatisha kwa kelele lakini kwa kawaida ngozi hakikati. Nilitarajia kuona mguu wangu. Nikaletewa wa mtu mwingine. Shavu la mguu limenyauka kama la mtoto, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu, na harufu, tusiiseme. Nilipouning'iniza kitandani uligeuka zambarau mbele ya macho yangu. Nikajua unaoza. Dada wa fiziotherapia akacheka kidogo, akasema mishipa imesahau kazi ya kurudisha damu juu. Niuinue kila baada ya muda, itakumbuka. Cha kunirudisha mbio hospitali, akasema, ni shavu la mguu likivimba, likiuma na kuwa la moto, au pumzi ikinibana ghafla, maana hapo huenda damu imeganda. Aliyasema hayo mara mbili na kunitaka niyarudie.

Picha ilionyesha mfupa umeunga. Nikamuuliza dada: kwa hiyo natembea? Akaniuliza: una kilo ngapi? Nikasema 68. Akaandika kwenye karatasi: 17, 34, 51, 68. Wiki ya kwanza robo ya uzito, ya pili nusu, ya tatu robo tatu, ya nne wote. Mfupa mpya, alisema, unakuwa mgumu kwa kubebeshwa. Usipoubebesha unabaki laini, ukiutwika wote siku moja unavunja. Asubuhi ndiyo hakimu: ukiamka mguu umetulia, jana ulifanya sawa, ukiamka umevimba au unauma kuliko jana, rudi namba ya nyuma.

Sasa kilo 17 unazijuaje kwa mguu? Kwa mzani. Nyumbani hatuna. Nikamkumbuka kijana anayekaa karibu na stendi na mzani wa kupima uzito, shilingi 200 mtu mmoja. Nilikwenda asubuhi, jua halijawa kali.

"Shikamoo, mama. Panda."

"Marahaba. Sipandi. Naweka mguu mmoja tu."

Akanitazama, akautazama mzani wake. "Mama, huu unapima mtu. Haupimi mguu."

Nikamwambia nitalipa bei ya mtu. Akalitafuta tofali lenye kimo kama cha mzani, nikasimamisha mguu wa kulia juu yake, magongo mkononi, wa kushoto nikauweka mzanini. Mshale ukasogea kwa uzito wa mguu wenyewe. Nikabonyeza. Kumi. Kumi na mbili. Jasho lilinitoka mgongoni, na mguu wala hauumi. Ulikuwa unatetemeka tu, kama mtoto anayesukumwa kwenda kumwamkia mgeni. Kumi na saba. Kijana, ambaye sasa alikuwa amechuchumaa anasoma mshale, akasema, "Hapo hapo, mama, usipumue."

Dada alikuwa ameniagiza kitu kingine: nifumbe macho, nibonyeze kwa kukisia, kisha nifumbue. Nikafumba. Nikabonyeza ninachodhani ni 17. Kijana akapiga mluzi. Ilikuwa 31. Mara ya pili ikawa 9. Mguu ulikuwa haujui kabisa unabeba nini, na mimi mwenye mguu sijui zaidi yake. Nikawaza usiku ule wa tarehe 27 nilipozunguka meza nikijiona shujaa, na nikapata baridi juani.

Kwa wiki tatu nilikuwa mteja wa kila asubuhi. Akaacha kunitoza siku ya nne. Nikamkatia suruali yake iliyokuwa ndefu. Alikuwa akiniona kwa mbali anaita, "Mama Mguu, leo tuko ngapi?" Watu wakakusanyika kukisia, mmoja akataka kuweka dau. Mwisho wa wiki ya pili niliweza kufumba macho nikapiga 34 mara tatu mfululizo, na wauza machungwa wakanipigia makofi.

Nyumbani kulikuwa na kazi ya vidole. Dada alisema niokote vitu vidogo kwa vidole vya mguu. Nani ana vitu vidogo kunishinda? Nilimwaga vifungo kwenye kanga, nikavihamisha kimoja kimoja mpaka kwenye bakuli. Vya kanzu ni vigumu, vinateleza. Vya koti vinashikika. Na cherehani, ile iliyonitia mashakani, ikawa dawa: nikiwa nimekaa, mguu wa kushoto juu ya pedali, kisigino na vidole vikipokezana, ndilo zoezi lenyewe la kulainisha kifundo. Dada alipoona nimepata kuukunja mguu haraka kuliko wagonjwa wake wengine aliniuliza siri. Nikamwambia ni suruali za sare ya shule.

Nilipobakiwa na gongo moja nililishika mkono wa kulia, upande wa mguu mzima, kama nilivyofundishwa. Ukishika upande huo, gongo na mguu mgonjwa vinasonga pamoja na uzito unagawanyika. Mtaa mzima wa Tandika ulinisahihisha. "Dada, umekosea, mgonjwa si huu!" Nilieleza kwa siku mbili, ya tatu nikawa naitikia "ahsante" na kupita.

Viatu nilivifuata mitumba ya Karume, Ilala. Kandambili zangu zilipigwa marufuku na dada: bapa, laini, hazishiki kisigino. Nikapata raba yenye soli ngumu isiyokunjika katikati. Nilitumia saa nzima nikiikunja kila raba mbele ya muuzaji aliyekuwa anakaribia kulia.

Kitu ambacho hakuna namba iliyokitatua ni woga. Hata baada ya kilo 68 kukamilika nilikuwa natembea nimeubeba mguu upande, nakanyagia kisigino na dole gumba, ule ukingo wa nje siugusi. Nyonga ikaanza kuuma. Dada alimwaga poda sakafuni akanitembeza peku, kisha akanionyesha nyayo zangu: wa kulia umejaa, wa kushoto umekatika nusu, kama mpevu. Ilinichukua mwezi mwingine kuujaza. Wakati huo ndipo mama alipopewa ruhusa ya kuchua, taratibu, mguu umeshaunga, na mafuta yake ya kitunguu saumu yakatoka tena kabatini. Nakiri yalisaidia. Nakiri pia alisema "nilikwambia" zaidi ya mara tano.

Ngazi nilifundishwa kanuni fupi: kupanda, mzima mbele, kushuka, mgonjwa mbele. Kwa hiyo siku niliyopanda tena daladala kutoka Kariakoo, nikikaribia Tandika, nilijua kwamba konda na dada wa fiziotherapia watataka kitu kilekile. Nilisogea mlangoni mapema, nikashika bomba kwa mkono wa kulia. Gari likapunguza mwendo.

"Mguu wa kushoto, mama, mguu wa kushoto!"

"Najua ni upi," nikasema. "Lisimame kwanza."

"Limesimama, mama!"

Nikautazama mtaro ukisogea polepole nyuma. Nyuma yangu mtu akasonya, mwingine akasema watu wengine wana dharau. Konda akagonga bati mara mbili, suka akakanyaga breki, mtaro ukatulia. Nikashusha wa kushoto, nikauacha ubebe. Haukubeba hata kilo hamsini, naujua sasa.